Nani Aliangusha Ndege?

Mtoto wa Evon alipojua kuunganisha maneno mawili matatu, baba yake alimfundisha mchezo. Humsimamisha juu ya meza watu wakiwa wanakula, akamkazia macho, akamuuliza kwa sauti nzito, "Iraluq! Nani aliangusha ndege?" Na mtoto, mashavu yamejaa samaki, hujipiga kifuani: "Mimi!" "Ulikuwa unafukuzia nini?" "Kulungu!" Hapo nyumba nzima huvunjika mbavu, na mtoto hupiga makofi kujishangilia.

Agafia naye alikuwa akicheka. Hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye kuliko mengine yote. Alicheka mpaka machozi, akamshusha mtoto mezani, akamfuta mdomo na kumwambia, "Mume wangu wewe, lini utapata akili?" Na mtoto akamjibu kama alivyofundishwa kumwita, "Kesho, mke wangu."

Mtu akifa huku kwetu mtoni, jina lake hungoja mtoto wa kwanza kuzaliwa kijijini. Mtoto akilipokea jina hilo, amepokea na ukoo wake, deni lake la heshima, chakula alichokipenda na watu waliompenda. Iraluq, mume wa Agafia, alikufa kwenye ajali ya ndege mwezi wa tisa. Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefunika madirisha, Marfa mke wa Evon alijifungua mvulana, akaitwa Iraluq. Agafia alikwenda siku ileile na kofia ya ngozi ya sili aliyoishona mwenyewe. Alipokishika kile kitoto nacho kikamkamata kidole, alisema, "Umerudi, mzembe wewe," akalia kilio ambacho hakuwa amekilia hata makaburini. Tangu siku hiyo kila Jumamosi mtoto aliletwa kwake. Alimpa kichwa cha samoni, kwa sababu mumewe alikuwa hali sehemu nyingine mpaka amalize kichwa, na ajabu ni kwamba mtoto naye alikipenda.

Evon naye alimwita mwanawe mwenyewe "mtani". Yeye na marehemu walikuwa watoto wa kaka na dada, na watoto wa kaka na dada ni watani tangu wanyonyapo. Utani wao haukuwa na adabu wala likizo. Evon aliweza kusimama kanisani akatangaza kwamba Iraluq anakoroma hadi samaki wanahama mto, na Iraluq alipaswa kumjibu kwa lililo baya zaidi. Angenuna, aibu ingekuwa yake. Kwa hiyo Evon alipoigeuza ajali ile kuwa kichekesho mdomoni mwa mtoto, watu waliona ni haki yake. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukucheka hata ukiwa kaburini, na tena huyu alikuwa ndani ya ndege ileile.

Ajali yenyewe ilijulikana kijiji kizima kama sala. Ndege ya Iraluq ilikuwa ndogo, ya vitambaa na vyuma vyembamba, yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine kama pikipiki. Usukani wake haukuwa gurudumu bali fimbo inayosimama katikati ya magoti, moja mbele na moja nyuma. Ile ya nyuma huchomolewa kwa kuvuta pini, na Iraluq alikuwa na sheria ya kuichomoa kila alipobeba abiria au nyama. Siku hiyo alikuwa akirudi na Evon kutoka kambi ya mawindo. Kwa maneno ya Evon, waliona kulungu dume, wale wakubwa wa huku wanaomzidi ng'ombe kimo, amesimama kwenye vichaka vya kando ya mto. Iraluq akaanza kumzunguka. Akashuka. Akazunguka tena, akashuka zaidi, akicheka, akimwambia Evon ahesabu mapembe. Ndege ikakosa mwendo katikati ya kona, pua ikainama, wakaanguka.

Ajali za namna hiyo hutokea kila msimu wa mawindo. Mwanamume anatazama nyama badala ya kutazama mwendo. Wachunguzi walipomaliza kazi yao waliandika sababu inayoelekea kuwa ndiyo: rubani aligeuza ndege kwa kona kali akiwa chini mno, macho yake yakiwa kwa mnyama. Hawakusema kwa hakika, maana wao husema "inaelekea". Lakini kijijini neno hilo lilidondoka siku ya kwanza tu, ikabaki kwamba Iraluq alijiua kwa tamaa ya kulungu.

Agafia ndiye aliyepata tabu kuliamini, kwani alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyo na alijua anavyoshikilia sheria zake. "Nyama haina mabawa," Iraluq alikuwa akiwaambia vijana. "Ukitaka kuitazama, tua." Lakini Evon alikuwapo na yeye Agafia hakuwapo. Nani angejua zaidi ya mtani wake? Basi aliamini, na kuamini huko kukageuka hasira. Alikuwa akienda makaburini, akisimama mbele ya msalaba mweupe, akimtukana mumewe kwa sauti. Umeniacha kwa ajili ya mapembe. Umeona bora kumchekesha Evon kuliko kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimepika, mjinga wewe. Kwa miaka karibu mitatu aliyasema hayo.

Kitu kimoja tu kilimpoza. Mwili uliporudishwa kutoka Anchorage, mji mkubwa ulikopelekwa kuchunguzwa, yeye na Bibi Olinka, mwanamke mzee kuliko wote kijijini, ndio waliouosha. Kifua kilikuwa hakitazamiki. Lakini mikono ilikuwa mizima, vidole vyote vimenyooka, hata mchubuko hakuna, kama mikono ya mtu aliyesinzia kanisani. Agafia aliiosha kwa muda mrefu mpaka Bibi Olinka akamgusa bega. Kila aliyekuja kumpa pole, Agafia alimweleza hivyo hivyo: Mungu kaniachia mikono yake.

Evon alitoka hospitali ya mji wa Bethel na mfupa wa bega uliounganika vizuri na kidole gumba cha kulia kilichounganika vibaya. Kilisimama wima kama kigingi, hakikunjiki. Glavu za dukani hazikumfaa, na baridi ilipokaza kidole kilimuuma hata ndani ya nyumba. Agafia, ambaye kwa kushona ngozi hana mpinzani mtoni hapa, alimkatia glavu yenye nyumba ya kidole iliyokaa pembeni, iliyonyooka, yenye manyoya ndani. Kila ilipochakaa alimshonea nyingine. "Shemeji, bila wewe ningekuwa nimekitupa kidole hiki kwa mbwa," Evon alikuwa akimwambia, na yeye alifurahi. Alikuwa akimtunza mtu wa mwisho aliyemwona mumewe hai.

Mwezi wa nane wa mwaka wa tatu, kabla ya mawindo, ndege nyingine ilianguka juu ya mto. Hakuna aliyekufa, lakini wakubwa wa serikali waliona sasa watu waelimishwe. Wakamleta Bwana Haskell, mchunguzi yuleyule aliyekuja wakati wa Iraluq, mzungu wa makamo mwenye goti bovu na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Ukumbi wa shule ulijaa. Tusidanganyane, watu hawakujaa kwa ajili ya goti la Bwana Haskell. Palikuwa na kahawa na maandazi ya bure, na mwisho wa mkutano mmoja angejishindia pipa la petroli. Evon hakuwapo, alikuwa amepanda mto kukata kuni za baridi.

Bwana Haskell alieleza kazi yake bila majivuno. Alisema mabaki ya ndege huongea. Alionyesha picha ya panga za rafadha, ile feni ya puani mwa ndege, zilizojikunja, akasema zikijikunja hivi injini ilikuwa ikivuta, zikinyooka hivi ilikuwa imezima.

"Na watu je?" akauliza Bibi Olinka kutoka mbele, andazi mkononi. "Watu nao huongea?"

"Huongea, bibi. Hata waliokufa." Bwana Haskell alinyanyua mkono, akaushika kama aliyeshika fimbo. "Mtu akiwa ameshika usukani ndege ikigonga ardhi, ile fimbo humpiga hapa, kwenye shina la kidole gumba. Mara nyingi huvunjika. Tukiwakuta wawili na hatujui nani alikuwa anaendesha, tunatazama vidole kwanza."

Kijana mmoja nyuma akapaza sauti kwamba basi shangazi yake anaendesha ndege usingizini, maana kidole chake kilivunjwa na mlango. Watu wakacheka. Agafia hakusikia kicheko. Alikuwa ameishika mikono yake mapajani, anaitazama, na alichokuwa akikiona si mikono yake.

Watu walipokwenda kuangalia nani kapata petroli, alimfuata Bwana Haskell. Yeye alimkumbuka, akavua kofia.

"Ambaye hakushika usukani," Agafia alimuuliza, "mikono yake huwaje?"

"Inaweza kuwa mizima, mama. Si kila mara, ni alama moja kati ya nyingi." Kisha akamtazama vizuri zaidi. "Mbona unauliza?"

"Nauliza tu."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akapita makaburini bila kusimama. Hakuwa na uso wa kumwonyesha mtu aliyelala pale.

Evon aliporudi na kuni zake, Agafia alikwenda kwake akiwa na vipande vya ngozi na uzi. Marfa alikuwa nyumba ya kufulia na watoto wakubwa. Iraluq mdogo alikuwa sakafuni anaendesha kopo la maziwa.

"Karibu shemeji!" Evon alikuwa na furaha zake za kawaida. "Umekuja kumwona mume au kumshitaki? Huyo leo kanikojolea buti, mimi simtetei."

"Nimekuja kupima glavu. Toa mkono."

Evon akautoa. Agafia alikishika kile kidole gumba, akakizungushia uzi, akauacha umelegea.

"Hiki kilivunjika lini?"

"Umeanza kuzeeka, shemeji. Si kwenye ndege?"

"Ulikuwa umeshika nini?"

"Kiti. Kila kitu. Ningekuwa na mkia ningeshika na mkia."

"Kwenye kile kiti hakuna pa kushika, Evon. Nimekikalia miaka kumi."

Evon alicheka, akauvuta mkono. Agafia hakuuachia.

"Bwana Haskell alikuja ulipokuwa unakata kuni. Amesema aliyeshika usukani huvunjika hapa. Hapahapa. Mimi nilimwosha Iraluq kwa mikono yangu, vidole vyake vilikuwa vizima vyote. Nikarudi nyumbani nikakaa kukushonea wewe glavu. Sasa niambie, shemeji. Niambie nilikuwa nashonea nini."

Kopo la maziwa lilipiga mguu wa meza. Mtoto akalirudisha nyuma, akaanza safari upya. Evon alimgeukia mwanawe, akaanza kusema, na hakumtazama tena Agafia mpaka alipomaliza.

"Nilikuwa namtania. Nikimwambia anaendesha kama mwanamke aliyebeba mayai. Kila safari namwambia. Siku hiyo hakuichomoa ile fimbo ya nyuma, alisema leo nataka nikuzibe mdomo, haya chukua wewe. Akainua mikono yote miwili juu nimwone. Nikaendesha, shemeji, nikaendesha vizuri! Ndipo nikamwona kulungu. Nikapinda. Akasema taratibu. Nikapinda zaidi, nataka nimtishe kidogo. Akasema acha, Evon, acha, niachie! Mkono ukakataa. Sijui kwa nini. Nilikaza tu."

"Halafu?"

"Halafu nilipozinduka alikuwa ameshakwenda. Nikaichomoa fimbo ya nyuma, nikaitupa mtoni, ionekane aliichomoa mwenyewe kama kawaida yake."

"Kidole kimevunjika, ukaichomoa."

"Niliichomoa kwa kushoto."

Agafia aliuachia mkono wake. Kichwani mwake alimwona Evon pale kando ya mto, bega limevunjika, mtani wake amelala mbele yake bado ana joto, na yeye anahangaika na pini kwa mkono wa kushoto. Hakuwa amechanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa hachomoi pini.

"Sina leseni, shemeji. Wangenifunga. Nina watoto wanne, na Marfa alikuwa na mimba ya huyu. Na yeye alikuwa ameshakufa, Agafia. Kusema ni yeye hakukumgharimu kitu."

"Mimi nilikwenda kumtukana kaburini," Agafia alisema. "Miaka yote hii. Wewe ulikuwa unaniona nikipita dirishani kwako kwenda kumtukana, na nikirudi unaniuliza glavu yako imefika wapi. Umemchukua mtoto mwenye jina lake ukamfundisha akiri kosa lako mbele za watu. Nami nikacheka! Umenifanya nimcheke mume wangu, Evon."

Alikuwa hapigi kelele. Mtoto alinyanyua kichwa, akasema, "Mke wangu analia," akamletea kopo.

Evon alipangusa uso wake. Akasema kwamba atasema. Ampe muda tu. Watu wakijua hivihivi, Marfa hatavumilia aibu hiyo, atawachukua watoto ahamie kwa mama yake Bethel, na huyu mdogo ataondoka naye. "Utamkosa na wewe, shemeji. Fikiria hilo." Aliyasema kwa upole, lakini Agafia alisikia uzi wa kitisho uliopita katikati ya upole huo. Mtu huyu alijua vizuri ni wapi pa kumshika.

"Krismasi, nyota ya waimbaji itakapokuja nyumbani kwangu," Agafia akasema, "utamwambia Iraluq huyu mwenyewe, mbele ya watu. Unajua anayo masikio. Mwambie hakuiangusha."

"Nitamwambia."

"Mwambie kwa mdomo uleule uliomfundishia."

"Nimesema nitamwambia, shemeji."

Aliichukua ngozi yake na uzi wake, akaenda kuishona glavu ile. Kama utaniuliza kwa nini, sina jibu zuri. Labda alikuwa bado anataka kuamini kwamba mkono utakaoingia humo ni mkono wa mtu. Aliisubiri Krismasi kwa kunyamaza, na kunyamaza kulimkondesha. Jumamosi mtoto alipoletwa alijaribu kumfundisha. "Si wewe, mume wangu. Wewe hukuangusha ndege." Mtoto alimshangaa, akajipiga kifua kwa nguvu zaidi: "Mimi!" Halafu akasubiri kicheko chake, maana alijua neno hilo halijawahi kumkosesha kicheko. Kilipokosa kuja, alinuna.

Krismasi yetu, kwa kalenda ya zamani ya kanisa letu, ni ya mwezi wa kwanza. Nyota kubwa ya mbao na karatasi za kung'aa hubebwa nyumba kwa nyumba ikizungushwa, waimbaji nyuma yake, kijiji nyuma ya waimbaji, na kila nyumba inapaswa kuwalisha wote walioingia. Nyota ilifika kwa Agafia alasiri. Alikuwa amepika supu ya nyama ya kulungu sufuria mbili, samaki wakavu, na akutaq ya beri, yale mafuta yaliyopigwa na sukari mpaka yakawa meupe. Waliimba hadi madirisha yakatoa jasho. Baada ya sala watu walikaa walipopata pa kukaa, sakafuni, kitandani, juu ya ndoo, wakaanza kula wazee kwanza.

Evon alikaa karibu na mlango, glavu mpya ya kulia bado mkononi kwa ajili ya baridi, mtoto mgongoni. Tangu aingie alikuwa hajamtazama Agafia. Marfa alikuwa kando yake anawapa watoto wengine mkate.

Bibi Olinka, ambaye hakujua lolote na alikuwa ameshiba vizuri, ndiye aliyeanza. Alimwashiria mtoto kwa kijiko.

"We Iraluq! Shuka hapo kwa mtani wako uje nikuone. Hebu niambie, nani aliangusha ndege?"

Agafia aliweka sufuria chini. Alimtazama Evon. Hii ndiyo nafasi, Bibi Olinka kaufungua mlango mwenyewe, ingia tu. Aliona Evon anamtazama Marfa, kisha bakuli lake.

"Mimi!" akapaza sauti mtoto.

"Ulikuwa unafukuzia nini?"

"Kulungu!"

Watu wakacheka, na Evon akacheka pamoja nao. Tena akaongeza, kwa sauti ya mzaha ileile ya siku zote, "Na kulungu mwenyewe bado yuko hai! Mtani wangu huyu hana shabaha."

Kicheko kikapanda mara ya pili. Agafia alikisikia kikimpita kama watu wanavyompita mtu aliyekaa njiani. Hapo ndipo alipojua kwamba Evon hatasema, si leo wala Krismasi nyingine yoyote, na kwamba yeye Agafia alijua hivyo tangu siku ile aliyompimia kidole. Mtu huyu alikuwa amemuuza mumewe mara moja kando ya mto. Sasa alikuwa akimuuza tena, ndani ya nyumba yake, huku amekula chakula chake.

Alikwenda akamchukua mtoto, akamsimamisha juu ya meza.

"Mume wangu, nionyeshe mikono."

Mtoto akaitoa, vidole amevitawanya.

"Bibi Olinka, tulimwosha mimi na wewe. Mikono yake ilikuwaje?"

Bibi kizee alishangaa, lakini alijibu. "Ilikuwa mizima, binti yangu. Ulimshukuru Mungu kwa hiyo mikono."

"Na kule shuleni, mlipokwenda kunywa kahawa ya Bwana Haskell, alisema nini juu ya aliyeshika usukani? Alivunjika wapi?"

Mtu mmoja alishusha kijiko. Evon akasema, "Shemeji, leo ni sikukuu."

Ingekuwa ni juu ya watu wazima, huenda pangeishia hapo, maana sisi hatupendi kumwaibisha mtu kwenye nyumba yenye chakula. Lakini mtoto alidhani ni mchezo wa mikono, na mchezo wa mikono yeye alikuwa nao mmoja anaoupenda, aliokuwa akicheza na baba yake kila asubuhi kitandani. Aliteleza mezani, akapita katikati ya magoti ya watu, akaikamata ile glavu, akaivuta kwa mikono miwili mpaka ikatoka. Akakinyanyua kidole gumba cha baba yake juu watu wakione.

"Tazameni! Hiki hakikunjiki!"

Akasubiri wacheke.

Bibi Olinka alitazama kidole, akatazama uso wa Evon. Alirudisha bakuli lake mezani taratibu. "Evon," alisema. "Mtani wako? Mtani wako huyu?"

Evon alifungua mdomo. Mtu ambaye hajawahi kukosa la kujibu tangu azaliwe alitafuta neno na hakulipata. Alikuwa bado ameuacha mkono wake kwa mtoto, hakuweza hata kumnyang'anya.

Marfa ndiye aliyesimama. Hakumwuliza mumewe kitu, alikuwa ameshayasoma yote usoni pake. Alimwinua mtoto, akaanza kumvika koti. Alipofika kwa Agafia alisimama.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mawindo."

"Na mimi nikakuletea mtoto kila Jumamosi. Ukala na mimi. Ukashindwa kuniambia mimi mwanamke mwenzio?"

Jibu la Agafia lilikuwa ni mtoto yule aliyekuwa mikononi mwa Marfa. Alitaka kumwambia, niliogopa utaondoka naye. Lakini alikuwa anaondoka naye. Watu walijisogeza kuwapisha, watoto wengine wa Evon wakifuata na mikate yao. Marfa alifungua mlango, ukungu wa baridi ukaingia sakafuni.

Mtoto aligeuka juu ya bega la mama yake. Uso wake ulikuwa umechanganyikiwa, maana alikuwa amesema neno lake na ameonyesha mchezo wake na wote wamenyamaza. Alimtafuta Agafia katikati ya watu mpaka akampata.

"Mke wangu, si mimi?"

"Si wewe," Agafia alimwambia. "Si wewe, mume wangu. Nilikukosea. Hukuiangusha."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, kama mtu mzima anavyopokea taarifa, na Marfa akafunga mlango.